Kikapu Kwenye Waya

Jumatano, 1 Machi 1972

Leo kwenye kisomo cha ngumbaru Mwalimu Rebeccah ametugawia madaftari. Amesema tuandike kila siku, hata mstari mmoja, mpaka mvua ndefu ziishe. Nikamuuliza, na siku ambayo hakuna kitu? Akasema, andika hakuna kitu.

Basi, mimi ni Phelis Nyanchama, mke wa Mosoti seremala. Tulihama Kisii tukaja huku karibu na Merigi miaka kumi iliyopita. Tuna mashina ya chai elfu mbili, ng'ombe wawili, mtoto mmoja wa bweni anayeitwa Ondieki, na mimi nina mume anayecheza na vitu vidogo.

Sitanii. Mosoti hajengi kitu chochote kabla hajakitengeneza kidogo kwanza. Kitanda cha mama mkwe alianza kukiunda kwa mabua ya mahindi, urefu wa kidole. Banda la kuku alilifanya kwa vijiti, akawa analipulizia moshi ili aone upepo unapita wapi. Wiki nzima kuku walilala jikoni kwangu. Watu wanapita njiani wanamwona mtu mzima mwenye ndevu amechutama anapuliza nyumba ya vijiti, na mimi najifanya naokota kuni.

Jumapili, 5 Machi

Hakuna kitu. Jua kali. Chai imenuna kama mimi.

Jumatatu, 13 Machi

Ratili nane tu leo. Nilivuka mto kwa gogo mpaka kituo cha kununulia majani, nikapimiwa, nikarudi kabla ugali haujapoa.

Jumatatu, 20 Machi

Mvua! Imeanza jana jioni na mawe yake, mabati yalilia mpaka hatukusikiana. Leo asubuhi udongo unanukia vizuri, na kila shina limeinua vidole. Nilicheka peke yangu shambani.

Lakini mto umechukua gogo letu. Kila mwaka unalichukua, na kila mwaka tunashangaa.

Jumatano, 22 Machi

Leo nimelia njiani na sioni haya kuandika.

Gogo likienda, sisi wa mlima huu tunazunguka kwa daraja la barabarani, maili nne na kikapu mgongoni. Majani chai si mahindi. Ukiyachuma yanaendelea kupumua, na ukichelewa nayo yanapata joto, yanakuwa mekundu, hayafai tena. Nilifika saa tisa nimelowa, nikajipanga. Onyancha, karani wa majani, akaingiza mkono kwenye kikapu changu mpaka kwenye kiwiko. Ndivyo anavyopima joto, hana chombo kingine. Akautoa haraka.

"Mama, hii imekufa," akasema.

"Ni maji ya mvua tu, Karani."

"Maji gani ya moto hivi? Ningekuwa na kikombe ningekunywa."

Akayamwaga chini. Ya Chepkirui jirani yangu yakamwagwa, ya Nyaberi, mwenzetu wa mlima huu, pia. Halafu akasoma barua iliyotoka kiwandani: majani ya ng'ambo ya mto yakiendelea kufika hivi mpaka mwisho wa Aprili, sisi wakulima kumi na tisa wa mlima huu tutafutwa kwenye rejista. Kuandikishwa upya ni mpaka waamue wao. Onyancha mwenyewe ni mtu wetu wa Kisii na hakufurahi kuisoma, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Miaka sita nimeipalilia chai ile kwa mikono. Nikifutwa nitaiuzia nani? Mbuzi hawali chai.

Jumapili, 26 Machi

Mkutano kwa Mzee Kipkosgei, mume wa Chepkirui. Huyu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha shamba kubwa la chai upande wa Kericho miaka ishirini, na alipostaafu walimpa bunda la waya mnene wa chuma. Tangu hapo linakaa nyuma ya ghala, kuku wanataga humo.

Akasimama akasema kwa Kiswahili chake cha Kipsigis, "Pasi, maneno mingi ya nini? Waya iko. Miti iko huku, miti iko kule. Tunafunga juu ya mto, tunatia majani kwa sanduku, tunafuta na kamba, imefika. Kesho tunaanza."

Watu wakapiga makofi. Ndipo mume wangu akanyosha mkono. Nilijua, nikainamisha kichwa.

"Mzee, wazo ni zuri. Mnipe siku kumi nitengeneze mfano kwanza."

"Mfano ya nini?"

"Nitengeneze mto mdogo pale kwangu, na waya mdogo. Nione."

"Fundi, mto haitangojea wewe ucheze!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilicheka, na Mosoti aliniona. Tumerudi nyumbani yeye mbele na mimi nyuma.

Alhamisi, 30 Machi

Uani kwangu kuna mto. Mosoti amechimba mtaro, amesimamisha vijiti huku na huku kwa vipimo alivyochukua mtoni, amefunga uzi wa katani. Sanduku ni kopo la Blue Band, na gurudumu la kupitishia kamba ni kibiringo cha uzi wangu wa cherehani, ambacho hakuniomba. Ndani ya kopo ametia majani mabichi.

Akaliachilia. Kopo likashuka kama limetumwa kwa daktari, likagonga kijiti cha upande wa pili, likapinduka, majani yote yakamwagika mtaroni. Chepkirui alikuwa amekuja kuazima chumvi, na tulicheka mpaka chumvi ikamwagika pia.

Mosoti hakununa. Alifurahi! Akasema, "Umeona? Waya ukilala hivi majani yote yanaingia mtoni. Kopo limetuokolea sanduku zima." Akaanza kuinua kijiti cha pili, upana wa kidole, akaachilia tena. Ameachilia mara ishirini na saba. Ya mwisho ilifika polepole kama bibi harusi na haikumwaga hata jani moja.

Jumatatu, 3 Aprili

Pasaka imepita. Mvua. Tumezunguka maili nne. Ya Nyaberi yamemwagwa.

Jumatano, 5 Aprili

Yangu yamemwagwa.

Jumamosi, 8 Aprili

Siku zetu zinaliwa. Sisi Wasabato hatushiki kazi Jumamosi, Kipkosgei na wenzake hawashiki Jumapili, kwa hiyo kila wiki mto unatupata mara mbili. Leo mzee alichoka kungoja. Sisi tukiwa kanisani, yeye na wanaume wanne walifunga waya wa kweli kutoka mti mpaka mti, wakaning'iniza sanduku la mbao la kusafirishia chai kavu, lile lenye mabati pembeni, wakatia mawe.

Tulipotoka kanisani tulisikia kelele, tukafikiri mtu amekufa. Kumbe mti wa upande wetu uling'oka na mizizi yake, pole pole, kama mzee anayeinuka kitini, na sanduku likaingia mtoni. Wanaume walikuwa wamelowa mpaka kwenye masikio. Kipkosgei alikuwa amekaa kwenye tope anacheka.

"Sasa tunajua!" akaniambia. "Hii mti hapana!"

"Na kama ungeumia, Mzee?"

"Mimi nimejifunza mashine hivyo. Inafunjika, unajua mahali iko ugonjwa."

Mosoti aliangalia shimo la mti kwa muda mrefu. Nilidhani atasema "niliwaambia." Hakusema. Akasema, "Mfano wangu ulikuwa na vijiti vya kuchomeka. Haukuniambia kitu juu ya mizizi."

Nimeanza kufikiri vibaya kidogo juu ya kicheko changu cha siku ile. Kopo la Blue Band lilijua mteremko, na mti wenyewe ulijua mizizi. Hakuna aliyejua vyote.

Jumatatu, 10 Aprili

Wamepatana. Mosoti na Kipkosgei wamechimba mashimo ya nguzo za mkaratusi, kina cha mtu mzima, wakajaza mawe. Mosoti anapima kwa uzi, Kipkosgei anaruka juu ya nguzo aone kama inatikisika. Wanabishana tangu asubuhi na wanapendana kabisa.

Alhamisi, 13 Aprili

Imevuka! Ratili mia moja za mawe ndani ya sanduku, uzito wa vikapu vinne vya majani, zimetoka kwetu zikafika ng'ambo pale chini ya kituo, zikavutwa zikarudi, mara kumi na mbili. Haikumwagika kitu, nguzo hazikutikisika. Kipkosgei alipanda juu ya jiwe akaimba wimbo wa kanisani kwao, na Mosoti, ambaye huwa haimbi, aliitikia. Nimechinja kuku. Jumatatu tunavusha majani, na Onyancha ameahidi kuja ukingoni aone.

Jumatatu, 17 Aprili

Naandika nimekaa jikoni, mlango nimeufunga, na mtu asinisemeshe.

Asubuhi tulichuma vizuri. Jua kidogo, umande umekauka, majani mawili na chipukizi, laini. Saa saba tulikuwa mtoni, wanawake kumi na sita na vikapu vyetu. Onyancha alisimama ng'ambo na kalamu yake. Kipkosgei akasema tumwage ndani ya sanduku.

Chepkirui akamwaga kikapu chake. Sanduku likajaa.

Kikapu kimoja! Ratili ishirini na tano! Mosoti akaangalia sanduku, akaniangalia mimi, akaangalia tena sanduku. Mawe ya ratili mia moja yalikaa chini kabisa, hata nusu hayakufika. Majani ya ratili mia moja yanahitaji masanduku manne. Kila mwanamke aliyesimama pale alijua hilo, na hakuna mwanamume aliyeuliza. Na sisi tulinyamaza kwa sababu ilikuwa kazi ya mafundi. Hilo kosa ni letu.

"Haina maneno," Kipkosgei akasema, "tunashindilia."

Nilipiga kelele, lakini wanaume walikuwa wameshaanza. Walishindilia kwa mikono, kisha mzee akavua viatu akaingia ndani ya sanduku akakanyaga. Akakanyaga! Mtu aliyekaa kiwandani miaka ishirini! Lakini huko alizoea chai ikiwa tayari imekuwa unga, na unga haujali kukanyagwa.

Sanduku lilivuka vizuri sana. Onyancha akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaupepea. Ng'ambo ya mto nikamwona anamwaga.

Hapo nikapasuka. Sikumbuki yote. Nakumbuka nilisema, "Mmejaribu kopo, mmejaribu mti, mmejaribu mawe! Mmejaribu kila kitu isipokuwa majani! Nani kati yenu amewahi kubeba chai mgongoni? Nani? Nyosha mkono!"

Hakuna mkono ulionyoshwa. Mosoti alijaribu kusema, "Mama Ondieki," nikamwambia anyamaze, mbele ya watu. Halafu nikabeba kikapu changu nikazunguka maili nne, na yakamwagwa.

Zimebaki siku kumi na tatu.

Jumanne, 18 Aprili

Sikuongea na mtu. Mosoti amepika chai mwenyewe. Ilikuwa mbaya.

Jumatano, 19 Aprili

Nilikuwa nachuma tangu alfajiri nikasikia mtu anakuja kati ya mistari. Mosoti, amevaa kikapu cha ziada mgongoni, kamba ameifunga vibaya, ananing'inia upande mmoja kama mlango uliokatika bawaba.

"Nifundishe," akasema.

"Kufundisha nini?"

"Uliuliza nani amewahi kubeba. Nataka siku nyingine nikinyosha mkono nisiwe mwongo."

Sikutaka kucheka, nikacheka. Nilimfunga kamba. Alichuma kama mtu anayenyonyoa kuku, majani ya zamani, vijiti, hata buibui. Kufika saa sita alikuwa na ratili tano, zangu zilikuwa ishirini na moja. Tukazunguka pamoja kwa daraja. Karibu na barabara kuu alisimama, nikafikiri amechoka.

"Mama Ondieki, kumbe kikapu kinapumua."

"Kinafanya nini?"

"Upepo unaingia kwenye matundu, unapita kwenye majani, unatokea mgongoni. Nausikia. Sanduku halina matundu. Tuliyafungia majani yenu chumba bila dirisha."

Nimeishi na kikapu maisha yangu yote na sijawahi kusema neno hilo. Nilijua, lakini sikujua kwamba najua.

"Basi tuache sanduku," nikasema. "Kwa nini tunamwaga? Kikapu kivuke chenyewe."

Alisimama katikati ya barabara mpaka lori likampigia honi.

Alhamisi, 20 Aprili

Leo mafundi tulikuwa sisi. Sikutaka mfano wa kopo wala sikutaka mtoni. Nilimwambia Mosoti afunge kamba uani kati ya nguzo mbili, kimo kilekile cha waya pale ukingoni, ardhi kavu, hakuna wa kuzama. Nikaita wanawake kumi, kila mmoja na kikapu chake na majani ya kweli ndani. Wanaume waliambiwa wakae kwenye benchi wasiseme kitu. Mosoti alifungua mdomo mara moja, nikamwonyesha kidole.

Nikasema, "Kila mtu atundike kikapu chake kwenye kulabu hii inayoning'inia kambani."

Vituko! Nyaberi ni mfupi, hakufika kabisa, alirukaruka na kikapu mpaka tukalia machozi. Chepkirui alifika lakini ilibidi ageuke, na akigeuka kikapu kinainama. Kulabu moja ilifanya kikapu kizunguke kama mlevi. Wanaume kwenye benchi walikuwa wanateseka, na Kipkosgei alijiziba mdomo kwa kofia.

Tulijaribu mpaka jioni. Kulabu mbili badala ya moja. Jukwaa la udongo lenye ngazi tatu, ili unasimama, unageuza mgongo, na mwenzako anakitundika bila wewe kukivua. Vikapu viwili viwili, si vinne. Kila kitu tulichoongeza, Nyaberi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukijaribu, kwa sababu kikimfaa yeye kinatufaa wote. Usiku Mosoti alikaa anapinda vyuma vya kulabu, na mara moja tu aliuliza, "Naruhusiwa kusema sasa?"

Nilimwambia anaruhusiwa.

Jumatatu, 24 Aprili

Mvua tangu jana. Lori la kiwanda halikuja, limekwama kwenye tope. Tumejenga jukwaa katika mvua hiyohiyo.

Jumatano, 26 Aprili

Vikapu sita vimevuka. Vinne vimekubaliwa. Viwili vimekataliwa kwa sababu kamba ilinasa katikati ya mto, na vilining'inia saa nzima kwenye jua. Kipkosgei amepaka gurudumu mafuta ya ng'ombe na amekasirika kana kwamba limemtukana. Onyancha ameandika vinne, lakini amesema kiwanda kinaangalia Ijumaa, siku ya mwisho ya lori mwezi huu.

Alhamisi, 27 Aprili

Siwezi kula.

Ijumaa, 28 Aprili

Hatukulala. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa shambani sote kumi na tisa, na waume, na wazee, hata Mosoti na ratili zake chache. Kulikuwa na ukungu. Nilisikia watu wa mlima mzima wanachuma, ule mlio mdogo wa kukatika, bila kuwaona. Sikuwahi kuusikia kwa pamoja namna ile.

Saa sita tulikuwa ukingoni na vikapu thelathini na moja. Mawingu yalikuwa yanakuja meusi kutoka upande wa Kericho. Ng'ambo Onyancha hakuwa peke yake, alikuwepo bwana mmoja mwenye koti la mvua kutoka kiwandani.

Nyaberi alipanda jukwaa kwanza. Ngazi moja, mbili, tatu. Akageuza mgongo. Chepkirui akatundika, kulabu mbili zikalia ka! ka! Kipkosgei akavuta kamba na Mosoti akashika breki, mti wa kubana kamba. Kikapu kikaenda, cha pili nyuma yake, juu ya maji yaliyokuwa rangi ya matofali. Majani yalikuwa yanatetemeka kidogo kwa upepo. Nilijikuta nimeshika mkono wa mtu, na alikuwa mke wa kwanza wa jirani tuliyegombana naye mwaka jana kwa sababu ya ng'ombe. Hakuna aliyeachilia.

Kikafika. Yule bwana wa koti akasogea. Hakumwachia Onyancha, akakunja mkono wa koti mwenyewe, akaingiza mpaka kwenye kiwiko. Akauacha humo.

Muda wote ule nilihesabu mapigo ya moyo wangu. Halafu akautoa, akasema kitu, na Onyancha akaweka mikono mdomoni akapiga kelele juu ya mto:

"Baridi! Baridi kabisa! Leteni!"

Jamani. Tulipiga vigelegele vya Kikisii na vya Kipsigis kwa pamoja, ukingo wote ukawa harusi. Vikapu thelathini na moja, vyote vimevuka kabla mvua haijaanguka, na kilichokataliwa ni kimoja tu, cha Mosoti, kwa sababu ya vijiti na buibui. Alikibeba kama amepewa zawadi. Mvua ilipoanza tulikuwa bado tunacheza, na hakuna aliyekimbia.

Yule bwana alivuta mstari kwenye barua yake kwa kalamu nyekundu. Onyancha alitusomea rejista yote. Majina kumi na tisa. Kila jina aliloita, mwenyewe aliitikia kwa sauti mpaka ng'ambo.

Jumatano, 3 Mei

Ratili thelathini na nne. Saa saba na nusu nilikuwa nyumbani.

Jumapili, 7 Mei

Mvua zimetulia. Leo wamekuja wageni watano kutoka mlima wa juu, ambao mto wao ni mpana kuliko wetu. Wamesikia habari. Wote wanaume, wamevaa makoti, mmoja na futi ya kupimia mfukoni. Waliangalia nguzo, wakaangalia jukwaa, wakasifu sana waya. Halafu yule wa futi akamwambia Mosoti, "Fundi, tunakuomba uje utujengee kama hii. Lini utakuja kupima?"

Mosoti alinawa mikono kwanza, taratibu. Nikaona anafurahi na anajizuia.

"Nguzo naweza," akasema. "Waya muulizeni Mzee Kipkosgei. Lakini kazi yenyewe muulizeni huyu mama hapa. Yeye ndiye anayejua inaanzia wapi."

Wakageuka wote watano, makoti na futi. Mimi nilikuwa na unga mikononi. Nikaupangusa kwenye leso yangu. Kisha nikawaangalia mmoja mmoja, mabega yaliyonyooka, makoti safi, hakuna alama ya kamba hata kwa mmoja.

"Karibuni sana," nikasema. "Wanawake wenu wako wapi?"

Yule wa futi akasema, "Wako nyumbani, mama. Wanachuma."

"Basi rudini mkawalete. Na waje na vikapu."

Jumanne, 9 Mei

Wamerudi. Wanaume watano, wanawake kumi na wanne. Wanaume nimewaonyesha benchi.